Wasomaji Wauliza: Sitapu Mia kwa Siku Hazinyooshi Mgongo

Katika toleo lililopita tuligusia kwamba uti wa mgongo wa kijana anayekua unaweza kupinda kuelekea ubavuni bila sababu inayojulikana, hali ambayo hospitalini huitwa skoliosisi. Tangu hapo barua nyingi zilizoletwa kwenye ukurasa huu zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa maneno tofauti, nalo ni kama misuli ya tumbo ikiimarishwa, kwa mfano kwa sitapu (kulala chali na kuinua kiwiliwili), mgongo utanyooka. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna maswali ya watu wengi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari wa upasuaji, na niyasemayo hapa hayachukui nafasi ya kupimwa ana kwa ana.

Habari za kazi, mtaalamu. Binti yangu ana miaka 12 na miezi kadhaa, na bado hajavunja ungo. Jumamosi moja alikuwa anapiga deki sebuleni, ameinama huku miguu imenyooka, nami niliyekuwa nyuma yake nikaona upande wa kulia wa mgongo umeinuka, kana kwamba kuna kiganja kimewekwa chini ya gauni. Kabla ya hapo fundi cherehani alikuwa ameshaniambia kwamba sketi ya shule inapanda upande mmoja, akadhani amekosea kukata. Hospitalini walipiga eksirei, wakasema mgongo umepinda nyuzi 22 na turudi baada ya miezi minne. Jirani yetu anayesimamia jimu anasema kusubiri ni kupoteza muda. Eti tumbo la mtoto ni legevu, ndiyo maana mgongo umeanguka, na amempa sitapu 100 kila siku. Wengine wanalaumu begi la shule na ndoo za maji. Je, nimwache aendelee na sitapu? — Mama wa Morogoro

Mama, ulichokiona wakati wa kupiga deki ndicho kipimo chenyewe. Mwaka 1865 daktari wa upasuaji wa Uingereza, William Adams, alieleza namna ya kumchunguza mgonjwa akiwa ameinama mbele, magoti yamenyooka na mikono inaning'inia, mpimaji akiwa nyuma yake; na mpaka leo hakuna kliniki ya mgongo isiyokitumia kipimo hicho. Kuinama kunafichua kile ambacho kusimama kunakificha, kwa kuwa pingili za mgongo wa namna hii hazipindi kwenda pembeni tu, bali pia hujizungusha, na mbavu zilizoshikamana nazo zinafuata mzunguko huo, upande mmoja ukainuka na mwingine ukazama. Fundi wako naye hakukosea kukata. Kiuno cha mtoto ndicho kilichohama kidogo.

Zile nyuzi 22 ni za pembe, nazo zimepatikana kwa kuchora mistari juu ya picha ya eksirei kwa njia aliyoifafanua John Cobb wa Marekani mwaka 1948. Chini ya nyuzi 10 hatusemi kuna skoliosisi. Vijana wawili au watatu katika kila 100 wamevuka nyuzi hizo 10, na walio wengi kati yao hawafiki kamwe kwenye haja ya kuvaa kifaa wala kufanyiwa upasuaji. Begi na ndoo usizilaumu. Mzigo mzito unaweza kumchosha mtoto na kumuumiza mabega, ila haujathibitishwa kuwa ndio unaoleta mpindo huu. Kinachojulikana ni kwamba hali hii hupita katika koo, kwa hiyo wadogo zake nao wainamishwe watazamwe, hasa wa kike, maana mipindo mikubwa huwapata wasichana zaidi ya wavulana. Akina mama wengi hunijia wakiwa wameshajihukumu kwa kumtuma mtoto kisimani. Hukumu hiyo haina msingi.

Sasa tuje kwenye tumbo. Jirani yako ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni nzuri. Katika maabara, uti wa mgongo wa kiunoni ulioondolewa misuli yote na kubakiwa na mifupa, sahani za katikati na kano zake hukunjika ukibebeshwa uzito wa kilo 9 hivi. Kichwa, mikono na kifua cha mtoto wa miaka 12 vina uzito mkubwa kuliko huo, na bado anasimama, anakimbia, anabeba mdogo wake mgongoni. Kinachomshikilia ni misuli, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na misuli ya tumbo pamoja na ile midogo iliyolala pembezoni mwa pingili.

Misuli hiyo ina matabaka. Lililo ndani kabisa limezunguka kiuno kama kibwebwe: linaanzia nyuma kwenye utando mgumu wa kiunoni, linapita ubavuni na kuja kukutana mbele, na likikaza linabana tumbo pande zote bila kumkunja mtu. Juu ya kibwebwe hicho kuna kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, chini yake kuna misuli inayoziba sakafu ya nyonga, na vyote vikifanya kazi kwa pamoja mgongo unakuwa kama umeegemea mto uliojazwa upepo. Nje ya kibwebwe kuna matabaka mawili ambayo nyuzinyuzi zake zinakwenda mshazari, kama mtu aliyevaa lubega: tabaka la nje la upande wa kulia linafuatana na tabaka la ndani la upande wa kushoto, na kinyume chake. Hayo ndiyo yanayozungusha kiwiliwili na ndiyo yanayozuia kisizunguke. Kwa kijana ambaye kifua kimegeukia upande mmoja na nyonga upande mwingine, lubega moja imevutika na ya pili imelegea, na misuli ya namna hizo mbili haifanyi kazi sawasawa. Ile ya mbele kabisa, inayoshuka moja kwa moja kutoka mbavu hadi kinena na ambayo vijana wa jimu huipigia picha, ndiyo yenye mchango mdogo katika habari yetu.

Nusu ya pili ndiyo inayompotosha jirani. Tumbo legevu halikuuangusha mgongo wa binti yako. Wako watoto wengi wenye matumbo legevu kuliko la kwake na migongo yao imenyooka kama mnazi mchanga. Wapo watafiti, wakiwemo wa Poland, waliopima kwa ultrasaundi unene wa kuta za tumbo za vijana wenye skoliosisi wakitafuta tofauti kati ya kulia na kushoto, na majibu hayajaelekea upande mmoja. Misuli ya mgongoni ndiyo inayoonyesha tofauti iliyo wazi zaidi kati ya upande uliobinuka na ule uliobonyea, na hata hiyo inaelekea kuwa matokeo ya mpindo kuliko kuwa chanzo chake. Kinachousukuma mpindo mbele ni ukuaji wenyewe. Tangu karne ya 19 madaktari wa Ujerumani Hueter na Volkmann walieleza kwamba sehemu ya mfupa inayokua ikibanwa hukua polepole, na ikipunguziwa mzigo hukua haraka. Pingili zilizopinda zinabanwa upande uliobonyea, upande huo unachelewa kukua, pingili inakuwa kama kabari, mpindo unaongezeka, na kubanwa kunazidi. Hakuna sitapu inayoingia kati ya mambo hayo.

Sitapu si sumu. Tatizo lake ni kwamba hazijui upande upi ni upi. Zinavuta kifua kuelekea nyonga kwa mstari wa katikati ambao kwa binti yako si mstari ulionyooka, tena zinamrudisha mara 100 kwa siku katika kule kuinama kulikokuonyesha nundu. Mgongo uliopinda ukiimarishwa ndani ya kupinda kwake unakuwa mgongo uliopinda wenye nguvu. Zoezi linalofaa linaanza na kusahihisha mkao kadiri kijana anavyoweza mwenyewe, kisha ndipo misuli ya tumbo inaitwa ije iushikilie mkao huo, kwanza amelala, halafu ameketi, halafu amesimama, mpaka auweze akiwa anaosha vyombo au anaandika mtihani.

Wazo hilo halikuanza jana. Katharina Schroth, aliyezaliwa Dresden mwaka 1894, alikuwa yeye mwenyewe na skoliosisi na akavalishwa koti la chuma akiwa msichana. Alichoshwa nalo, akaanza kujitazama kati ya vioo na kujifunza kuelekeza pumzi kwenye sehemu za kifua zilizozama, na mwaka 1921 alifungua kituo cha kuwafundisha wengine huko Meissen. Njia yake ingali inatumika. Karibu zaidi na wakati wetu, mwaka 2014 watafiti wa Italia walichapisha matokeo ya vijana 110 wenye mipindo ya chini ya nyuzi 25, waliogawanywa kwa kura: kundi moja likafundishwa kujisahihisha na kufanya kazi za kila siku ndani ya usahihisho huo, na jingine likapewa mazoezi ya kawaida ya viungo. Kundi la kwanza lilipunguza mpindo kwa nyuzi tano na ushei hadi mifupa ilipokomaa, huku la pili likibaki karibu palepale. Nayaheshimu matokeo hayo. Hata hivyo, vipimo viwili vya eksirei ile ile vikifanywa na watu wawili vinaweza kupishana kwa nyuzi tano, kwa hiyo siwezi kukuahidi kunyooka. Naweza kukuahidi kwamba kazi ya kujisahihisha ina hoja, na sitapu 100 hazina.

Wakati mnasubiri kumwona mtaalamu, mwanzo wake ni huu. Mlaze chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Aguse mifupa miwili inayochomoza mbele ya nyonga, kisha asogeze ncha za vidole upana wa vidole viwili kuelekea ndani na kushuka kidogo. Apumue nje polepole kwa mdomo kama anayepuliza chai ya moto, na pumzi inapokaribia kwisha aivute ndani sehemu iliyo chini ya kitovu, kwa theluthi moja tu ya nguvu zake. Chini ya vidole atahisi kitu kikikaza polepole, kama ngozi ya ngoma inayowambwa. Ikitunisha ghafla na kusukuma vidole nje, ametumia misuli ya juu, aanze upya. Muulize kama pande zote mbili zimekaza kwa wakati mmoja. Vijana wengi ninaowafundisha husema upande mmoja umechelewa, na mara nyingi ndiyo mara yao ya kwanza kuuhisi huo upande. Akae hivyo kwa sekunde 10 akiendelea kupumua, arudie mara 10. Anayebana pumzi amekosa zoezi lote. Akishaliweza, aongeze kunyanyua mguu mmoja na mkono wa upande wa pili, mithili ya mende aliyepinduka, bila kiuno kubanduka kwenye mkeka. Upande upi uvutwe, mbavu zipi zijazwe pumzi, kisigino kipi kisukumwe, hayo yanategemea picha yake ya eksirei, na mimi sijaiona.

Kuhusu miezi minne, tafadhali usiiite kupoteza muda. Katika uchunguzi wa wagonjwa 727 uliochapishwa Marekani mwaka 1984 na Lonstein na Carlson, kati ya watoto wenye mpindo wa nyuzi 20 hadi 29 ambao mifupa yao ilikuwa bado michanga, asilimia 68 waliongezeka mpindo. Kati ya wale ambao mifupa ilikuwa imeanza kukomaa, walioongezeka ni asilimia 23. Binti yako yumo katika kundi la kwanza. Mwaka unaotangulia kuvunja ungo ndio ambao wasichana hurefuka kwa kasi kubwa kuliko yote, na baada ya hapo hubaki na miaka miwili hivi ya kukua. Kwa hiyo mpime urefu mlangoni kwa penseli kila mwezi, andika tarehe atakapovunja ungo, na ukiona penseli inapanda haraka usingoje mwezi wa nne ufike. Eksirei ya pili ikionyesha ongezeko la nyuzi tano au zaidi, au ikivuka 25, daktari atazungumzia bresi, lile koti gumu la plastiki. Bresi hufinyangwa kwa vipimo vya mwili wa mtoto mwenyewe, na mafundi wa kazi hiyo tunao: huko Moshi, chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwafundisha tangu 1981.

Msalimie jirani. Mwambie nguvu zake za kuhimiza watu tunazihitaji, ila mtoto huyu asimpangie hesabu.

Shikamoo. Nina miaka 14, nilivunja ungo mwaka jana, na mgongo wangu una nyuzi 34. Nimepewa bresi na kuambiwa niivae saa 18 kwa siku. Hapa Mombasa joto lake si la kusimulia. Rafiki zangu wanasema bresi inalaza misuli, na siku nikiivua tumbo langu litakuwa kama ugali na mgongo utaanguka. Je, si bora niiache nifanye mazoezi ya tumbo pekee? — Msichana wa Mombasa

Marahaba, binti yangu. Hapana, si bora, na nitakueleza kwa nini bila kukuficha kitu.

Kwa mpindo wa kiasi chako na umri wako, bresi ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko tiba yoyote isiyo ya upasuaji. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia vijana mpaka mifupa ikakomaa au mpindo ukafika nyuzi 50, kiwango ambacho upasuaji huanza kuzungumzwa. Waliovaa bresi walifaulu kubaki chini ya nyuzi hizo kwa asilimia 72, na waliofuatiliwa bila bresi kwa asilimia 48. Watafiti walisimamisha uchunguzi kabla ya muda wake kwa kuona si haki kuendelea kuwanyima wengine. Ndani ya bresi waliweka kifaa kidogo kinachohisi joto la mwili, kwa hiyo walijua nani ameivaa kweli na nani ameitundika ukutani. Waliotimiza wastani wa saa 13 hivi kwa siku walifaulu kwa asilimia 90 na ushei. Kumbuka pia kwamba asilimia 48 ya wasioivaa walinusurika. Hakuna anayejua kwa hakika wewe ungekuwa upande upi, na ndiyo sababu naona kuivaa ni busara. Mazoezi ya tumbo pekee hayajawahi kuonyesha matokeo ya namna hiyo kwa mpindo wa nyuzi 34.

Rafiki zako hawakusema uongo mtupu. Kitu kinachokushikilia kutwa kinaipunguzia misuli kazi, na ndiyo sababu wataalamu wengi wa skoliosisi hutaka bresi na mazoezi viende pamoja. Umepewa saa 18, siku ina saa 24. Katika hizo sita zilizobaki chukua dakika 30 au 40 za mazoezi uliyofundishwa, cheza mpira wa pete, ogelea, fanya unachopenda. Hata ukiwa umeivaa, kuna kazi unayoweza kuifanya ukiwa darasani na hakuna atakayejua: sukuma mwili kwa upole uondoke kwenye pedi inayokubana, vuta kibwebwe cha chini ya kitovu, kisha vuta pumzi ielekee kwenye ile nafasi tupu upande wa pili, mahali ambapo fundi ameacha dirisha. Mara tano, kisha endelea na hesabu zako. Utakapofika wakati wa kuiacha, saa zitapunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi, na misuli iliyozoea kazi hiyo haitashtuka.

Joto la Mombasa nalijua. Vaa ndani fulana nyembamba ya pamba iliyobana mwili, isiyo na mshono ubavuni, na ubebe ya pili ubadilishe saa saba mchana. Usipake mafuta wala poda mahali pedi zinapogusa, maana ngozi iliyolainika huchubuka. Wekundu unaotoweka ndani ya nusu saa baada ya kuivua ni wa kawaida; usiotoweka, au kidonda, umwone fundi airekebishe, wala usiilegeze mikanda mwenyewe. Kula kidogo kidogo, kwa sababu tumbo lililojaa wali ndani ya plastiki ni mateso. Na kama shuleni kweli hakuvumiliki, mwambie daktari mpange saa zianze jioni hadi asubuhi pamoja na siku za mapumziko. Kumdanganya daktari kuhusu saa ni kumfanya aamini bresi imeshindwa ilhali haikuvaliwa.

Hujambo mtaalamu? Mimi ni mwalimu wa michezo. Nimetumiwa kwenye WhatsApp video inayosema kwamba kulala kiubavu na kujiinua kwa kiwiko, dakika moja na nusu kila siku, kunapunguza mpindo kwa theluthi moja. Nina wanafunzi wawili wenye hali hii. Niwape wote zoezi hilo? Na je, niwaondoe kwenye riadha na mpira? — Mwalimu wa Nakuru

Sijambo, mwalimu. Video yako ina chimbuko. Mwaka 2014 daktari wa Marekani, Loren Fishman, alichapisha habari za wagonjwa 25 waliofanya mkao huo wa yoga, upande uliobinuka ukiwa chini, na akaripoti kwamba kwa wastani mpindo ulipungua kwa asilimia 32. Kinachosahaulika video inaposambazwa ni kwamba wagonjwa hao walikuwa wa rika zote, vijana hadi wazee wa miaka zaidi ya 80, na hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Zoezi lenyewe si baya. Linaamsha misuli ya ubavuni na ile iliyo karibu na uti wa mgongo kwa upande mmoja, jambo ambalo sitapu haliwezi.

Ugumu uko kwenye neno "upande". Mwanafunzi mmoja anaweza kuwa na mpindo mmoja kifuani, mwingine akawa na miwili, wa juu ukielekea kulia na wa chini kushoto, na hapo unachokirekebisha juu unaweza kukiharibu chini. Mwambie kila mmoja aje na barua kutoka kwa aliyemsomea eksirei. Wakati huo huo unaweza kuwapa wote wawili mazoezi yasiyopendelea upande: wapige magoti na mikono chini, wanyooshe mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, kisha wabadilishe, huku wewe umeweka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya kiuno. Kikombe kikimwagika, kiwiliwili kimezunguka. Utashangaa jinsi watoto wenye migongo iliyonyooka nao wanavyolowana.

Usiwaondoe kwenye riadha wala mpira. Hakuna mchezo wa kawaida wa shule unaothibitishwa kuuongeza mpindo, na kuogelea, ambako wazazi wengi hukudhania ni dawa, hakuunyooshi. Mchezo unawapa mapafu, mifupa imara na marafiki. Ukimketisha msichana wa miaka 13 kivulini wakati wenzake wanakimbia, utakuwa umempa ulemavu ambao eksirei haikuuonyesha. Walio na bresi waivue wakati wa kipindi na waivae tena baada ya kukauka jasho.

Mtaalamu, nina kijana wa miaka 11. Mgongo wake umeanza kupinda tangu miezi mitatu iliyopita. Usiku analia kwa maumivu, jioni anakuwa na joto, na amekonda. Nimesikia mazoezi ya tumbo yanasaidia. Nianze na lipi? — Baba wa Tanga

Baba, usianze na lolote. Skoliosisi niliyoizungumzia katika majibu yaliyotangulia haimwamshi mtoto usiku, haimpi homa wala haimkondeshi. Mpindo unaokuja kwa miezi michache pamoja na dalili hizo unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, uambukizi mwingine au uvimbe, na kifua kikuu cha mgongo kinatibika kwa dawa kama hakijaachwa kikala pingili.

Mpeleke hospitali kesho asubuhi, na umweleze daktari mambo yote matatu uliyoniandikia, ukianza na homa. Mwambie pia kama kijana anajikwaa, kama miguu inakufa ganzi au kama ameanza kujikojolea. Usishangae daktari akimlaza chali na kumkwaruza polepole pembezoni mwa kitovu kwa kitu butu, kulia na kushoto, juu na chini. Ngozi ya tumbo na misuli iliyo chini yake inatakiwa kushtuka na kukivuta kitovu kuelekea upande uliokwaruzwa. Upande mmoja ukijibu na mwingine ukinyamaza kila mara, kuna haja ya kuutazama uti wenyewe wa fahamu kwa kipimo cha picha kiitwacho MRI. Njiani msimbebe mgongoni wala msimpandishe bodaboda. Alale kwenye kiti cha nyuma cha gari, na kama huna gari, omba la jirani.